Kumchagua Mlezi wa Mtoto Mdogo: Mambo ya Kuchunguza Kabla ya Kukubali

Mzazi anayetafuta mahali pa kumwacha mtoto anapokwenda kazini kwa kawaida huanza kwa kuuliza ada na umbali. Maswali hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi, kwa sababu mtoto wa chini ya miaka 3 halelewi na jengo wala sifa za kituo. Analelewa na mtu. Iwe ni kituo, yaya wa nyumbani au jirani anayelea watoto kwake, mchunguze kwanza yule atakayembeba, kumlisha na kumlaza mwanao.

Usiridhike na ziara ya asubuhi iliyoandaliwa kwa ajili yako. Omba kufika muda mfupi kabla ya chakula cha mchana, watoto wanapokuwa na njaa na usingizi, kisha ukae pembeni kimya. Mtoto akilia, tazama ni nani anayemwendea na baada ya muda gani, au kama anakemewa tu kutoka upande wa pili wa chumba. Kwa maoni yangu, hakuna wakati unaofichua mengi kama ule wa kubadilisha nepi: mlezi mwema huzungumza na mtoto, hamwachi juu ya meza hata kwa nukta moja, na hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mwingine.

Wahesabu walezi na watoto wewe mwenyewe. Watoto wasiotimiza mwaka wakizidi 3 au 4 kwa mlezi mmoja, wapo watakaolia bila kufikiwa. Uliza pia mlezi huyo amekaa hapo kwa muda gani, maana mahali panapobadilisha walezi mara kwa mara humlazimu mtoto kuanza upya kila anapomzoea mtu.

Kuhusu usingizi usilegeze msimamo: mtoto mchanga alazwe chali, kwenye godoro gumu lisilo na mito wala wanasesere, kwa kuwa kulala kifudifudi huongeza hatari ya kifo cha ghafla. Televisheni nayo isiwe yaya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wa chini ya mwaka mmoja wasiwekwe mbele ya skrini kabisa.

Ukishachagua, mzoeshe mtoto kidogo kidogo, ukikaa naye siku za mwanzo, na umuage waziwazi badala ya kumtoroka. Kilio cha asubuhi peke yake si ushahidi wa ubaya, hasa kuanzia takriban miezi 8, umri ambao kuachana na mzazi humwumiza sana. La kuuliza ni kama hutulia baada ya muda mfupi. Lakini akizidi kunywea kila amwonapo mlezi huyo, akirudi na michubuko isiyoelezeka, au ukizuiwa kuingia bila taarifa, mwondoe siku hiyohiyo, hata kama ada ya mwezi mzima imekwisha kulipwa.