Bolti iliyokwama: ninavyoifungua bila kuivunja

Spana ikianza kuteleza kwenye kichwa cha bolti, itoe. Usijaribu mara ya tatu. Kichwa kile kina pembe 6, na hizo pembe ndizo mtaji wako wote. Ukizila kwa haraka ya dakika tano, kazi ya nusu saa inageuka kazi ya siku mbili. Niko kwenye ufundi wa magari hapa Kizota, Dodoma, mwaka wa 17 sasa, na bolti nilizozivunja kwa mikono yangu nazikumbuka moja moja.

Watu husema Dodoma hakuna kutu kwa sababu ni pakavu. Wana haki kwa gari lililokaa huku tangu lishuke bandarini. Ila magari mengi ninayofungua yana historia yake. Lipo lililotoka kaskazini mwa Japan, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Lipo lililokula upepo wa bahari Kigamboni miaka kumi kabla mwenyewe hajahamishiwa makao makuu. Hata ya hapa hapa, mengine huoshwa kwa maji ya kisima yenye chumvi, mengine huenda Bahi kubeba mpunga yakarudi na tope lililokauka juu ya kila nati ya chini. Kwa hiyo kabla sijashika spana namuuliza mwenye gari: lilikuwa wapi hili? Jibu lake linaniambia niandae nini.

Kutu inakaza bolti kwa sababu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Inavimba ndani ya tredi, ile mistari ya mzunguko kwenye bolti na nati, na hapo hata nguvu ya wanaume wawili inaishia kuusokota mwili wa bolti tu. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuivunja hiyo kutu. Sisi tunasema kuishtua bolti.

Anza na brashi ya waya. Sugua tredi zinazoonekana upande wa pili wa nati mpaka chuma king'ae, kwa sababu nati ikitoka itapita juu ya uchafu huo na kukwama tena katikati. Vumbi letu jekundu likichanganyika na oili hugeuka kama udongo wa tofali, kwa hiyo litoe kabla ya kupaka chochote. Kisha weka mafuta ya kupenya. WD-40 inatosha kwa kutu changa. Kwa kutu ya miaka nachanganya oili ya gia za otomatiki, ile nyekundu, na asetoni, nusu kwa nusu, kwenye kopo la bati. Vitu hivi viwili hujitenga, kwa hiyo tikisa kila unapochota, na moto usiwe karibu. Paka, kisha piga kichwa cha bolti kwa nyundo mapigo kumi hivi, ya wastani, yaliyonyooka. Mtikisiko ndio unaofungua njia ya mafuta. Paka tena. Kama gari linaweza kulala, lilale.

Hapo ndipo wengi wanashindwa, kwenye kusubiri. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja na Noah yake, anaelekea Kondoa, shokomzoba ya nyuma inagonga. Nati ilitoka vizuri, lakini bolti ya chini ilikuwa imeshikana na kile kibomba cha chuma kilicho ndani ya bushi, ule mpira wa kushikia shokomzoba. Unaizungusha, inazunguka na mpira wake, ukiachia inarudi. Saa nne asubuhi akaniuliza, "Fundi, bolti moja tu tangu nimefika?" Nikamwambia, "Mama, nikiivunja hii utalala Dodoma leo na kesho. Nipe mpaka saa nane." Akaenda Majengo sokoni.

Bolti ya namna hiyo usiipige ikiwa uchi. Irudishe nati mpaka uso wake ulingane na ncha ya bolti, ndipo upige, ili tredi zisipondeke. Kijana wangu alikuwa anaizungusha kichwa kwa spana, kidogo huku, kidogo kule, mimi nagonga upande wa pili, na kila baada ya muda tunaongeza mafuta. Moto sikuutumia. Pale kuna mpira, na shokomzoba ina oili iliyofungiwa, nyingine na gesi. Ukiipasha inaweza kulipuka. Ilitoka saa saba na nusu, nzima. Isingetoka, ningepitisha msumeno wa chuma kati ya bushi na mabano, maana shokomzoba ilikuwa inabadilishwa hata hivyo.

Wakati wa kufungua, tumia spana ya pete au soketi ya pembe 6. Zile za pembe 12 zinashika nchani tu, na kwenye kichwa kilicholika zinamaliza kilichobaki. Kaza kidogo kwanza, kiasi cha kusikia imesogea, halafu ndipo ulegeze. Ikikubali robo ya mzunguko, rudi nyuma kidogo, paka mafuta, endelea. Ukiivuta moja kwa moja, takataka hujikusanya na kuila tredi. Bomba la kurefusha mkono wa spana linasaidia, ila lina udanganyifu: halikuachii usikie bolti inavyosema. Bolti inayofunguka hutoa mlio mkavu, kisha inabaki ngumu. Bolti inayotaka kukatika inakuwa laini ghafla, kama unavuta mpira. Ukisikia ulaini huo, acha papo hapo. Na usivute bomba ukiwa chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Weka stendi.

Moto unafanya kazi kubwa ukijua unapasha nini. Pasha nati, si bolti, ipanuke iachie. Ikifika wekundu wa mbali ondoa moto, iache ipoe kidogo, kisha gusisha mshumaa kwenye tredi. Nta inayeyuka na kunyonywa ndani. Bolti ya chuma iliyo ndani ya alumini ni habari nyingine. Alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo pasha alumini yenyewe, polepole, na usisubiri ibadilike rangi: inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi kabla haijawa nyekundu. Karibu na tangi au mipira ya mafuta, nipeli za breki na beringi, moto uuweke mbali. Sehemu uliyopulizia dawa ya kusafishia breki usiipashe kabisa, kwani baadhi ya dawa hizo zikiungua hutoa gesi ya sumu.

Ikikatika je? Mwaka wangu wa tatu kazini nilivunja stadi, yaani bolti isiyo na kichwa, ya manifoldi ya ekzosi kwenye Hiace ya abiria, ikakatika sawasawa na uso wa hedi, sehemu ya juu ya injini. Nikatoboa bila kuweka alama katikati, keekee ikahamia pembeni. Nikachomeka chuma cha kung'olea, kile chenye tredi za kinyume, nacho kikavunjikia ndani. Chuma hicho ni kigumu kuliko ncha za kawaida za keekee, hakitoboleki. Hedi ilishushwa, na mwenye Hiace alikosa siku tatu za kazi kwa sababu yangu. Siku hizi, kama kimebaki kipande kidogo nje, naweka nati juu yake na kumwita fundi wa kuchomelea aijaze katikati, nikiwa nimeshatoa waya za betri. Joto la kuchomelea lenyewe linaishtua stadi. Ninaiacha ipoe mpaka inashikika, kisha naifungua kwa spana, na mara nyingi inatoka na mkono mmoja.

Kwa malori, tazama kwanza upande. Fuso na Isuzu za zamani nyingi zina nati za tairi za kushoto zinazofunguka kinyume. Tafuta herufi L kwenye ncha ya stadi. Nimekuta vijana wawili barabara ya Singida wakiikaza nati kwa nguvu zao zote, wakiamini wanafungua.

Unaporudisha, safisha tredi, paka grisi ya shaba kwenye bolti za chini na za ekzosi. Nati za tairi usizipake, zirudi kavu na safi. Toyota nyingi ndogo zinataka Nm 103, kipimo cha nguvu ya kukaza, kwenye nati hizo, kwa hiyo kama una spana ya kupimia, itumie. Kama huna, kaza kwa spana ya gari lenyewe, kwa mkono, bila bomba na bila kuisimamia kwa mguu. Kisha zikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100.