Mtego Bora wa Panya wa Nyumbani: Anza na Kifyatuo Kabla ya Springi

Mtu anapokuta chambo kimeliwa na mtego haujafyatuka, wazo linalomjia kwanza ni kutafuta mtego wenye springi kali zaidi, na mara nyingi uamuzi huo haumsaidii. Springi ya mtego wa kawaida wa ubao ina nguvu ya kutosha kumuua mnyama mwenye uzito wa gramu 20. Kinachokosekana ni kifyatuo chepesi kinachoitikia uzito mdogo kiasi hicho, pamoja na umbo la mtego linalomlazimu panya akikanyage akiwa ameelekea upande unaotakiwa. Makala hii inaeleza namna ya kuunda mtego wa aina hiyo, au kurekebisha ule ulio nao tayari, kwa kuanzia kwenye mwili na mwenendo wa panya mwenyewe, kwa kuwa mtego uliotengenezwa kwa kukisia huishia kuwalisha panya badala ya kuwanasa.

Panya anayezungumziwa hapa ni yule mdogo wa nyumbani, ambaye wataalamu humwita Mus musculus, wala si panya mkubwa wa darini au wa mitaroni. Njia rahisi ya kuwatofautisha bila kuwaona ni kinyesi: cha panya mdogo kina urefu wa milimita 3 hadi 6 na ncha zilizochongoka, ilhali cha panya mkubwa hufikia milimita 12 na zaidi. Panya mdogo aliyekomaa huwa na gramu 12 hadi 30 na mwili wa sentimita 7 hadi 10 bila mkia, na hupenya kwenye mwanya wa milimita 6 tu. Macho yake ni dhaifu, kwa hiyo hutembea akigusa ukuta kwa masharubu na manyoya ya ubavuni, na hupita kando ya kuta, nyuma ya magunia na chini ya rafu huku akiepuka katikati ya chumba. Mizunguko yake kwa kawaida haivuki mita 3 hadi 10 kutoka kiotani.

Jambo lenye uzito zaidi kwa mtengeneza mtego ni namna anavyokula. Panya mdogo hula takriban gramu 3 za chakula kwa siku, lakini hazili mahali pamoja. Hudokoa hapa kidogo na pale kidogo, sehemu nyingi katika usiku mmoja, na akikuta chambo laini hukilamba juujuu bila kukivuta wala kukisukuma. Mtego unaosubiri meno yavute chambo kwa nguvu humkosa kila mara. Kwa upande mwingine, tofauti na panya mkubwa ambaye anaweza kukikwepa kitu kigeni kwa siku kadhaa, huyu mdogo ni mdadisi na hukikaribia kitu kipya usiku uleule wa kwanza. Ndiyo maana mtego uliokaa siku 3 bila kunasa, mahali penye kinyesi kibichi, hauhitaji kusubiriwa zaidi: ama umewekwa vibaya, ama kifyatuo chake ni kizito.

Kifyatuo na namna ya kukipima

Mtego wa ubao unaotumika leo haujabadilika sana tangu William Hooker wa jimbo la Illinois, Marekani, alipopata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1894, na James Atkinson wa mji wa Leeds, Uingereza, alipofuata mwaka 1899. Una ubao, springi, fremu ya waya inayopiga, kijiti cha waya kinachoizuia fremu isirudi, na kisahani cha chambo ambacho mdomo wake hushikilia ncha ya kijiti. Panya anapokibonyeza kisahani, ncha ya kijiti huchomoka na fremu hupiga. Nguvu inayohitajika kuuchomoa mtego haitokani moja kwa moja na ukali wa springi, bali na msuguano uliopo kati ya ncha ya kijiti na mdomo wa kisahani, na hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Kwanza, chunguza sehemu hizo mbili zinapogusana. Waya uliokatwa kwa koleo huacha ukingo mkali unaong'ang'ania, na kutu huongeza msuguano maradufu. Lainisha ncha kwa tupa ndogo au msasa mpaka iteleze, kisha punguza sehemu inayoshikwa hadi ibaki milimita 1 hivi. Pili, angalia urefu wa kijiti, ambacho hufanya kazi kama wenzo. Ikiwa fremu inakisukuma sentimita 1 kutoka kwenye bawaba yake, na ncha iko sentimita 5 kutoka hapo, nguvu inayofika kwenye ncha ni sehemu moja ya tano ya ile ya fremu. Kurefusha kijiti kidogo, bila kugusa springi, kunaufanya mtego uwe mwepesi kufyatuka huku pigo lake likibaki lilelile. Haya ndiyo marekebisho yenye faida kubwa kuliko yote, na yanashangaza kwa jinsi yanavyopuuzwa.

Baada ya hapo, pima, usikisie. Bandika kizibo cha plastiki cha chupa juu ya kisahani kwa gundi kidogo, tega mtego, kisha tumia bomba la sindano lisilo na sindano kudondoshea maji ndani ya kizibo polepole, ukiwa umeuweka mkono nje kabisa ya njia ya fremu. Mililita 1 ya maji ina uzito wa gramu 1, kwa hiyo kiasi cha maji kilichotumika hadi mtego ufyatuke, ukijumlisha uzito wa kizibo, ndicho kipimo cha kifyatuo chako. Panya mchanga aliyeanza kutoka kiotani anaweza kuwa na gramu zisizofika 10, na mara nyingi ni miguu yake ya mbele tu inayotangulia kukanyaga kisahani. Kwa sababu hiyo ni vyema kulenga gramu 3 hadi 5. Ukishuka chini ya hapo, mtego utafyatuka wenyewe mlango unapofungwa kwa kishindo. Rudia kipimo mara kadhaa, kwa kuwa mtego unaofyatuka leo kwa gramu 4 na kesho kwa gramu 15 una kasoro kwenye mshiko wake, na wastani mzuri hauondoi kasoro hiyo.

Hatua inayofuata ni kukitanua kisahani ili panya anaswe kwa mguu badala ya jino. Kipande chepesi cha kadi ngumu au plastiki nyembamba chenye upana wa sentimita 3 hadi 4 kinatosha, mradi kisiguse kingo za ubao wala kisiingie kwenye njia ya fremu. Hata hivyo kuna tahadhari moja. Kisahani kipana humruhusu panya kukikanyaga kutoka pembeni, na fremu ikimkuta akiwa ubavu itampiga mguuni, mkiani au mgongoni, jambo linalomtesa bila kumuua. Anayekuta panya wake wamenaswa kwa namna hiyo hudhani springi imelegea, kumbe mnyama aliingia kwa upande usiofaa. Dawa yake ni kumwongoza panya aingie moja kwa moja, na hilo hufanywa na kasha.

Kasha la kumwongoza panya

Tengeneza kasha la mbao nyepesi, bati au plastiki ngumu, ambalo upana wake wa ndani unauzidi ubao wa mtego kwa milimita chache tu, na kimo chake kinairuhusu fremu kugeuka bila kugusa kifuniko. Kabla ya kukata mbao, tega mtego, ufyatue kwa kijiti huku ukitazama fremu inapofika juu kabisa, kisha ongeza sentimita 1 kwenye kimo hicho. Toboa tundu la duara lenye kipenyo cha milimita 30 kila mwisho wa kasha, likaribie sakafu, kisha weka ndani mitego miwili, visahani vikielekea matundu na migongo ya mitego ikielekeana. Chambo kikae upande wa ndani wa kisahani, ili panya alazimike kukivuka kisahani ndipo akifikie. Kasha likilazwa sambamba na ukuta, panya anayepita kandokando hukutana na tundu mbele yake, na giza lililomo ndani humvutia kwa sababu anafanana na wanyama wote wadogo wanaotafuta kujificha.

Faida ya pili ya kasha ni usalama. Vidole vya mtoto mdogo, pua ya paka na vifaranga wanaookota nafaka havitafika kwa urahisi kwenye fremu, na kwa kaya zenye watoto au kuku mimi huliona kasha kuwa la lazima. Ili usilazimike kulifungua kila mara, funga uzi mwepesi kwenye fremu na uache mwisho wake utokeze nje kupitia kitundu cha kifuniko; mtego ukifyatuka, uzi huvutwa ndani na utajua bila kugusa chochote.

Ndoo kwa ghala lenye panya wengi

Mahali panya walipozaliana sana, mtego unaonasa mmoja mmoja huenda usitoshe. Jike hubeba mimba kwa siku 19 hadi 21 tu na huzaa watoto 5 hadi 8 kwa kawaida, mara kadhaa kwa mwaka. Hapo ndoo yenye kifuniko cha kupindukia, yaani ubao unaoinama kwenye mhimili na kumwangusha panya ndani, inafaa, mradi hesabu ya mizani yake ifanywe. Tuseme panya wa gramu 15 anasimama sentimita 8 kutoka kwenye mhimili: uzito wake kwa umbali huo ni 15 mara 8, yaani 120. Kipande cha chuma cha gramu 10 kilichowekwa sentimita 6 upande wa pili kinatoa 60, kwa hiyo ubao utainama panya akifika hapo na utarudi wenyewe akishaanguka. Panya wa gramu 7 anatoa 56 na hatoangusha ubao. Ukitaka kuwanasa na hao wadogo, kisogeze chuma karibu na mhimili mpaka hesabu yake ishuke chini ya 50.

Ndoo ya lita 20 hufaa kwa sababu panya mdogo anaweza kuruka juu sentimita 30 hivi, na kina kinapaswa kuzidi hapo. Kuta za ndani ziwe laini na safi, kwani vumbi la unga lililoganda humpa pa kushika. Wengi hutia maji ndani ili panya wafe, lakini sishauri hivyo: panya huogelea kwa muda mrefu kabla ya kufa, na mateso hayo hayana ulazima. Iache ndoo ikiwa kavu, ikague alfajiri bila kukosa, na waliomo wauawe papo hapo kwa pigo moja la uhakika. Asiyeweza kukagua kila siku asitumie ndoo. Mitego ya gundi nayo isitumike kwa sababu hiyo hiyo. New Zealand iliwekea matumizi yake masharti makali kuanzia mwaka 2015, na bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuidhibiti nchini England mwaka 2022.

Uwekaji, chambo na usafi

Mtego usio na kasha huwekwa ukiwa umeukabili ukuta kwa pembe mraba, kisahani kikiwa upande wa ukutani. Umbali kati ya mtego na mtego usizidi mita 2 au 3, kwa kuwa mizunguko ya panya ni mifupi na mtego ulio mita 8 kutoka kiotani unaweza usifikiwe kabisa. Ni afadhali kutega mitego 10 kwa usiku mmoja kuliko mtego mmoja kwa usiku 10. Chambo kiwe kidogo, mfano wa punje ya njegere, nacho kishikamane: karanga iliyosagwa ni nzuri kuliko jibini, na panapojaa chakula pande zote, kipande cha pamba kilichofungwa kwa uzi hufaulu zaidi, maana panya jike anayetengeneza kiota hukitafuta. Usikijaze chambo pembeni mwa kisahani, kwa sababu panya atakilamba akiwa nje.

Vaa glavu unapouondoa mzoga, kwa ajili ya afya yako, kwa kuwa panya hueneza vimelea vya salmonela na leptospira pamoja na virusi kadhaa. Kinyesi kisifagiliwe kikiwa kikavu. Kilowanishe kwa mchanganyiko wa sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kufulia na sehemu 9 za maji, subiri dakika 5, kisha kifute kwa karatasi au kitambaa cha kutupwa. Mtego wenyewe hauhitaji kusuguliwa kwa sabuni yenye manukato baada ya kila windo, kwani harufu ya panya aliyetangulia haiwafukuzi wenzake.

Mitego ikikaa wiki 2 bila kunasa na kinyesi kipya kikikosekana, ziba kila mwanya unaofikia milimita 6 kwa saruji au kwa pamba ya chuma iliyoshindiliwa. Kisha fyatua mitego yote na uihifadhi pakavu ikiwa haijategwa, kwa kuwa springi inayokaa imekazwa miezi mingi inaweza kulegea, na uipime upya kwa maji kabla ya kuitega tena, maana kutu ndogo kwenye ncha ya kijiti inatosha kukipandisha kifyatuo cha gramu 4 hadi uzito ambao panya mchanga hawezi kuufikia.