Kipindi cha Maktaba kwa Darasa la Kwanza hadi la Tatu, Hatua kwa Hatua

Shule nyingi za msingi zina vitabu vingi vya hadithi kuliko inavyodhaniwa. Viko kabatini, ofisini kwa mwalimu mkuu, vimefungiwa kufuli ili visichanike. Na kweli, havichaniki. Mwongozo huu ni kwa mwalimu aliyekabidhiwa ufunguo wa kabati hilo pamoja na kipindi kimoja cha dakika 30 kwa wiki, akaambiwa: "Wewe ndiye mwalimu wa maktaba."

Jambo moja kwanza, maana hatua zote zinalitegemea. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo mtoto akishazimudu silabi anaweza kukusomea ukurasa mzima bila kukwama. Muulize amesoma nini: kimya, anatazama dari. Amezitamka herufi tu. Vipindi vya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) vinamfundisha kusoma. Kipindi cha maktaba kinampa sababu ya kusoma. Kwa hiyo humo hakuna kunakili ubaoni, hakuna alama, hakuna kumsimamisha mtoto asome mbele ya wenzake, na fimbo inabaki ofisini.

Hatua ya 1: Vitabu vionekane

Mtoto mdogo huchagua kitabu kwa picha ya jalada. Ukivipanga vitabu vikiwa vimeonyesha migongo, kwake vyote ni sawa. Kama huna rafu fupi, funga kamba ya katani ukutani, usawa wa kifua cha mtoto wa darasa la kwanza. Vitabu vya hadithi vyembamba vikifunuliwa katikati vinaning'inia vyenyewe juu ya kamba, na pakiwa na upepo ongeza vibanio vya nguo. Chini tandika mkeka au jamvi. Kama hakuna chumba, kamba hiyohiyo inafungwa kati ya miti miwili, na vitabu vinalala kwenye sanduku au ndoo yenye mfuniko.

Kisha vigawe kwa ugumu. Kipande cha karatasi ya rangi pembeni mwa jalada kinatosha: kijani kwa vitabu vya sentensi moja kila ukurasa, njano kwa vya aya fupi, nyekundu kwa vya aya ndefu. Usihesabu maneno peke yake. "Hawakumkimbilia" ni neno moja, lakini kwa mtoto wa darasa la kwanza ni mlima. Tazama urefu wa maneno, na tazama kama kuna mengi ya aina ya "nywele", "ng'ombe" na "mbwa" ambayo bado yanamtatiza.

Rangi ni za kukusaidia wewe kushauri. Mtoto wa kijani akitaka kitabu chekundu kwa sababu kina picha ya simba, mpe.

Hatua ya 2: Ongeza vitabu kwa gharama ndogo

Tovuti ya African Storybook, inayoendeshwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ina hadithi nyingi za Kiswahili zenye picha, na leseni yake inaruhusu kuzipakua na kuzichapisha bure. Zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia maneno ya kwanza hadi hadithi za kusomewa kwa sauti. Chagua mpangilio wa kijitabu, chapisha pande zote mbili, kunja katikati, na ushone kwa sindano na uzi. Pini za stepla hushika kutu. Funika jalada kwa plastiki. Ila isome kila hadithi kabla ya kuichapisha, kwa sababu tafsiri hazilingani ubora, na nyingine zina Kiswahili kigumu mdomoni.

Hatua ya 3: Soma hadithi mwenyewe kabla ya kipindi

Isome kwa sauti nyumbani. Amua fisi atasema kwa sauti gani na sungura kwa ipi. Weka alama ya penseli mahali pawili pa kusimama, si zaidi. Walimu tuna ugonjwa wa kuuliza maswali, na hadithi inayokatwa kila sentensi hufa mikononi mwa msomaji.

Hatua ya 4: Wasomee (dakika 10 hivi)

Hapa ndipo kipindi kinapofanikiwa au kuharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wakae mkekani karibu nawe, na wewe uketi kwenye kiti kifupi. Darasa likiwa na watoto 80, ligawe mara mbili: nusu wanasomewa, nusu wanachora na mwalimu mwenzako, kisha wiki inayofuata mnabadilishana. Picha isiyoonekana na mtoto wa nyuma haimsaidii.

Anza kwa "Paukwa!" wakuitikie "Pakawa!" Si pambo. Wote wanakuwa wamefungua midomo kabla hadithi haijaanza, na mtoto mwenye aibu amesema neno bila kugundua. Onyesha jalada, uliza wanaona nini. Mtoto akijibu kwa Kisukuma, Kigogo au Kihaya, pokea jibu lake, mwombe mwenzake alitaje kwa Kiswahili, endelea. Ukimkemea hapo, hatajibu tena muhula mzima.

Chukua ile hadithi ya fisi aliyefika njia panda, akasikia harufu ya nyama ikitoka kulia na nyingine ikitoka kushoto. Soma hadi pale fisi anaposimama. Funga kitabu nusu, kidole kikiwa ndani. "Ninyi mngepita njia ipi?" Waache wabishane. Wengine watasema kulia, wengine kushoto, na daima yupo mmoja atakayesema fisi aite rafiki yake apite njia ya pili. Usiseme nani amepatia. Fungua kitabu, soma kilichompata. Sasa wanasikiliza kwa sababu kila mmoja ana lake kwenye hadithi hiyo.

Sindikiza maneno kwa kidole unaposoma sentensi inayojirudia, na waache waiseme nawe. Neno gumu lifafanue kwa ishara au kwa picha, kisha songa mbele. Hadithi ikiisha, swali moja tu: "Ni wapi palikufurahisha?" Methali ya njia mbili kumshinda fisi watakutana nayo siku nyingine. Huna haja ya kuichomeka.

Hatua ya 5: Waachie kamba (dakika 15)

Kila mtoto achague kitabu, akae apendapo, peke yake au na mwenzake. Kelele za kunong'ona ni za kawaida; watoto wa umri huu husoma kwa midomo. Anayesoma picha tu, mwache, naye anasoma. Anayerudia kitabu kilekile wiki ya tatu, mwache pia, kwani kwa kurudia ndipo anapoanza kusoma bila kuhesabu silabi. Wewe zunguka, keti karibu na mmoja au wawili, waombe wakusimulie. Au chukua kitabu chako usome. Wengi wao hawajawahi kumwona mtu mzima akisoma bila kalamu nyekundu mkononi.

Hatua ya 6: Shughuli moja kwa mwezi

Zisizidi. Inayodumu kuliko zote ni kitabu cha darasa. Kila mtoto anachora ukurasa mmoja ("Siku fisi alipokuja shuleni kwetu") na kuandika sentensi moja chini yake, au anakuambia nawe unamwandikia vilevile alivyosema. Shona kurasa, weka jalada la manila, ning'iniza kambani pamoja na vitabu vingine. Kitachakaa kabla ya vyote. Miezi mingine: kuigiza hadithi, au kutegana vitendawili ambavyo majibu yake yamo kwenye picha za vitabu.

Hatua ya 7: Azimisha

Ijumaa, kwa kila mtoto kitabu kimoja ndani ya mfuko wa kitambaa ulioandikwa jina. Daftari la kuazima liwe na safu nne: jina, kitabu, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Walishike wanafunzi wa darasa la nne au la tano, nao wataringa, lakini watalitunza.

Zungumza na wazazi kwenye kikao cha kwanza. Mzazi asiyejua kusoma mwambie amwombe mtoto amsimulie picha, inatosha. Na waambie wazi kwamba kitabu kikipotea au kutafunwa na mbuzi hawatalipishwa. Faini ya shilingi 1,000 hufanya wazazi wakatae vitabu visiingie nyumbani, na hapo unarudi kwenye kufuli.

Vilivyochanika tenga kwenye boksi la "hospitali" na uvitibu kwa gundi na selotepu kila mwisho wa mwezi, pamoja na watoto. Likizo ya Desemba azimisha viwili viwili badala ya kuvirudisha kabatini. Januari vihesabu, andika vilivyokosekana, na uchapishe vingine.