Semina ya mazingira isiishie kwenye slaidi

Walimu wenzangu, kama shuleni kwenu kuna kile kipindi cha MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) na mada ni mazingira, ombeni muifanye kwa mikono, msikae tu kusomewa. Chukueni chupa 3 za maji za lita 1.5, zilazeni, kateni dirisha upande wa juu, jazeni udongo uleule zote. Moja pandikizeni nyasi na mizizi yake, ya pili funikeni majani makavu, ya tatu udongo uwe mtupu, halafu zote ziinamisheni kidogo mdomo ukiwa chini, kikombe angavu mbele ya kila mdomo, mwagieni maji kipimo kilekile. Ile ya udongo mtupu itatoa maji ya tope kabisa, na hapo mmomonyoko hauhitaji maelezo marefu.

Ila muhimu zaidi ni kinachofuata, kila mwalimu aondoke na andalio la somo lake kutokana na zoezi hilo, wa hisabati achore grafu ya mililita, wa Kiswahili awape wanafunzi waandike ripoti, maana mazingira yakiachiwa mwalimu wa jiografia peke yake hayafiki mbali. Nyasi pandeni wiki kadhaa kabla, zishike.