Miwani ya VR kwa bajeti ndogo: jinsi ya kununua ukiwa Tabora, ya gemu na ya kazi za 3D

Wadau wa Tabora mnaotafuta miwani ya VR ya bei nafuu (ile unayovaa ukajiona umo ndani ya gemu au jengo la 3D), kwanza achaneni na yale maboksi ya plastiki ya kuweka simu ndani. Yanajua tu kichwa kimegeukia wapi, ukisogea hatua moja mbele hayana habari, sasa hapo utacheza gemu gani? Google wenyewe walianza na la karatasi mwaka 2014, ilipofika 2021 wakaacha kuliuza.

Tafuta inayojitegemea, yaani chipu, betri na kamera vimo humo humo, kompyuta si lazima. Quest 2 ya Meta, wenye Facebook, ya mtumba (ilitoka 2020) ndo ya chini kabisa ninayoweza kushauri. Mfuko ukiruhusu chukua Quest 3S, ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299 kule Marekani, ila Kariakoo usitegemee bei hiyo. Rezolusheni, yaani wingi wa nukta za picha, ni ile ile, 1832 kwa 1920 kila jicho, 3S imezidi chipu na inakuonyesha chumba chako kwa rangi wakati mwenzake anaonyesha nyeusi na nyeupe.

Mtego upo kwa HP Reverb G2 na ndugu zake wa Windows Mixed Reality, mfumo wa VR wa Microsoft. Bei ya kutupa, picha kali kweli, 2160 kwa 2160, ila Microsoft waliuondoa huo mfumo kwenye Windows 11 toleo la 24H2, ndo maana watu wanaziuza haraka haraka.

Ukipata Quest ya mtumba Dar usikubali ipandishwe basi kabla haijakaguliwa, ikishafika huku kuirudisha ni nauli na malumbano. Mtume mshkaji aivae dukani, afungue kitu cheupe aangalie kama kuna madoa au mistari ya njano, hilo ni jua limepita kwenye lenzi likaunguza skrini, hapo aage aondoke. Kontrola asiziguse aone kama kitu kinajisogeza chenyewe (kila moja inakula betri moja ya AA, hizi za dukani kwa Mangi). Halafu muuzaji abonyeze kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti, achague kufuta kila kitu, ili wewe uingie na akaunti yako. Quest 2 za mwanzo sponji yake iliwawasha watu ngozi mpaka 2021 kampuni ikatoa kava la silikoni, uliza kama lipo, na kwa jasho la hapa kwetu Oktoba utalihitaji tu.

Ukiona ukungu usilaumu miwani, lenzi za hizi Quest mbili zina nafasi tatu, milimita 58, 63 na 68, ni umbali kati ya mboni zako, shika rula simama mbele ya kioo upime.

Kwa kazi za grafiksi nguvu inatoka kwenye kompyuta, kadi ya picha isiende chini ya GTX 1060 ya GB 6. Unganisha kwa waya wa USB, au hewani kwa programu za Steam Link au ALVR ambazo ni bure. Rauta iwe ya 5GHz na kompyuta ichomekwe kwa kebo, na wengi hawajui hili, picha inatembea humo humo ndani ya nyumba kwa hiyo bando haliliwi, litaliwa kwenye apdeti na kushusha gemu.

Kuchora moja kwa moja hewani kuna Open Brush na Gravity Sketch. Wa Blender (programu ya kutengeneza modeli za 3D) washa nyongeza ya VR Scene Inspection (matoleo mapya unaishusha pembeni, bure), iweke SteamVR (programu ya VR ya kwenye kompyuta) iwe ndo OpenXR yako, yaani daraja kati ya Blender na miwani, mteja wa ramani anasimama sebuleni kwake kabla msingi haujachimbwa. Hiyo ni ya kukagua tu, kuchonga modeli unarudi kwenye mausi. Na vipimo viwe mita za kweli kabla hujamvisha, ukikosea skeli mtu mzima atajikuta ana kimo cha sisimizi chini ya meza yake mwenyewe.