Kufuata nasaba ya kipindupindu mtaani Kisumu: kutoka kijiti cha pamba hadi mti wa jenomu

Mwongozo huu nauandika kwa mwanamaabara wa kaunti ambaye kesho anaweza kuambiwa kuna watu wanaharisha maji ya mchele Nyalenda, wengine wako Obunga, na afisa wa afya anauliza: huu ni mlipuko mmoja au ni miwili? Antisera, dawa ya maabara inayotambua aina ya bakteria, itakuonyesha kwamba ni Vibrio cholerae O1 (bakteria wa kipindupindu), aina ya Ogawa au Inaba, basi. Pande zote mbili zikiwa Ogawa, bado hujajua bakteria walipita wapi. Hata kipimo cha jeni saba hakisaidii, kwa sababu karibu wote watatoka na jibu moja, kundi liitwalo ST69: ni watoto wa nasaba moja iliyoanza Indonesia mwaka 1961 na kufika Afrika 1970. Lazima usome jenomu nzima, yaani DNA yote ya bakteria.

Hatua ya 1: daftari kabla ya sampuli

Mti wa jenomu, yaani mti wa ukoo wa bakteria, ukikosa tarehe na mahali ni mchoro tu. Kwa kila mgonjwa andika siku aliyoanza kuharisha (si siku aliyofika hospitali), sehemu anayoishi ndani ya mtaa, dawa alizokwisha kumeza, na maji.

Kwenye maji ndipo wengi wetu hukosea. Mama mmoja wa Nyalenda nilimuuliza, "Mnatumia maji gani?" Akajibu, "Ya mfereji," nami nikaandika mfereji. Mhudumu wa afya ya jamii niliyekuwa naye, mwenyeji wa pale, akarudia kwa upole: "Mama, ya kunywa ni yapi, ya kuosha vyombo ni yapi, na mfereji ukikauka mnateka wapi?" Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Ya kunywa hununua kwa mkokoteni, mtungi wa lita 20. Vyombo na sukuma wiki huosha kwa maji ya kisima cha jirani. Na juma lile mfereji ulikuwa umekauka siku tatu. Tulipokwenda kukiona kisima, kilikuwa hatua chache tu kutoka choo cha shimo, na Nyalenda ukichimba kidogo unakuta maji. Tangu siku hiyo nauliza maswali yote matatu.

Jina la mgonjwa lisiandikwe kwenye mrija. Mpe namba, kwa mfano NYL07 kwa wa Nyalenda au OBU03 kwa wa Obunga. Orodha ya kuunganisha namba na majina ifungiwe kabatini. Sheria ya kulinda data ya 2019 inaihusu hata maabara ndogo.

Hatua ya 2: kuchukua na kusafirisha

Chukua sampuli kabla ya antibayotiki, lakini mgonjwa asicheleweshewe dripu wala maji ya chumvi na sukari kwa ajili yako. Chovya kijiti cha pamba kwenye kinyesi, kitumbukize ndani ya mrija wa Cary-Blair (ute wa kusafirishia bakteria wakiwa hai), funga. Usiweke barafu. Vibrio huumizwa na baridi, joto la kawaida la chumba linamtosha. Shigella, bakteria wa kuhara damu, ni kinyume chake, yeye anataka baridi, kwa hiyo ukiona damu kwenye choo cha mgonjwa chukua vijiti viwili na uvisafirishe mbalimbali.

Namba iandike mara mbili, ubavuni mwa mrija na kwenye kifuniko, kwa kalamu isiyofutwa na spiriti. Niliwahi kuwa katika maabara moja ambako tulipangusa mirija kwa spiriti kabla ya kuiweka kwenye friji, na wino wote ukaondoka. Sampuli tisa zikabaki bila mwenyewe. Wagonjwa walikuwa wameshapona na kwenda zao, tukazitupa zote. Mpaka leo mlipuko ule una pengo ambalo hakuna atakayeliziba.

Hatua ya 3: kuotesha

Tia kijiti kwenye maji ya peptoni yenye alkali, pH ya takriban 8.5, uyaache kwenye nyuzi 37 kwa saa 6 hadi 8. Usitikise chupa. Vibrio anapenda oksijeni, hupanda mpaka juu, na ndiko utakakochota kwa kitanzi. Chora kwenye sahani ya TCBS, agari inayomteua Vibrio, kalale.

Asubuhi sahani yenyewe ni ya kijani. Unachotafuta ni koloni za manjano, bapa, zenye kung'aa, za milimita 2 hadi 4. Umanjano unatokana na kuchachuka kwa sukari iliyomo, na asidi hiyohiyo huharibu kipimo cha oksidesi, kimeng'enya ambacho Vibrio anacho. Ndiyo maana usipime oksidesi moja kwa moja kutoka TCBS: hamishia koloni moja kwenye agari ya kawaida kwanza, pima kesho yake. Nimeona bakteria halisi wa kipindupindu wakiandikwa "hasi" kwa haraka hii.

Sampuli za Mto Auji, za Mto Kisat au za ufuo wa ziwa zitakupa manjano kwa wingi, na usishtuke. Vibrio wengi wanaoishi majini si O1 na hawana jeni ya sumu, ctxA. Pima ctxA kwa PCR (kipimo cha kunakili kipande cha DNA ili kionekane) kabla ya kutumia pesa ya kusoma jenomu.

Kila koloni uliyoithibitisha igandishe mirija miwili yenye gliserini kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri.

Hatua ya 4: kutoa DNA na kuisoma

Kuchemsha bakteria kunatosha kwa PCR. Kwa jenomu tumia seti ya vitendanishi vya kusafisha DNA, kisha pima kiasi kwa Qubit, kifaa cha kupimia DNA. Hesabu ya mashine ya kusoma DNA ni rahisi: jenomu ya Vibrio cholerae, kromosomu zake mbili pamoja, ina herufi (A, C, G na T) takriban milioni 4. Ukitaka kila herufi isomwe mara 50, unahitaji herufi milioni 200 kwa sampuli, yaani bilioni 4 kwa sampuli 20. MinION, kifaa kinachoingia mfukoni, inamudu kazi hiyo kwa mkupuo mmoja. Illumina, mashine nyingine ya kusoma DNA, hukosea herufi chache kuliko MinION, na amri za hapa chini ni za data yake. Usichanganye data za mashine hizi mbili kwenye mti mmoja ukiwa mgeni wa kazi hii. Na kama stima ya kwenu hukatika, weka betri ya akiba kwanza.

Hatua ya 5: kompyuta

Safisha data kwa programu ya fastp, kisha kwa programu ya snippy linganisha kila sampuli na jenomu ya rejea N16961, iliyotoka kwa mgonjwa wa Bangladesh mwaka 1975:

`snippy --outdir NYL07 --ref N16961.fa --R1 NYL07_R1.fastq.gz --R2 NYL07_R2.fastq.gz`

`snippy-core --ref N16961.fa NYL* OBU*`

`snp-dists core.aln > umbali.tsv`

Hapa pana mtego. Snippy-core huhesabu tu sehemu zilizosomeka katika sampuli zote. Sampuli moja iliyosomwa vibaya huzifuta sehemu hizo kwa wenzake pia, na ghafla kila mtu anaonekana ndugu wa kila mtu. Yenye usomaji chini ya mara 30 iondoe, rudia. Mti wenyewe uchore kwa programu ya IQ-TREE.

Hatua ya 6: kuusoma mti

Nasaba hii hubadilika takriban herufi 3 kwa mwaka. Tuseme jenomu 11 za Nyalenda zinatofautiana kwa herufi 0 hadi 2, na 5 za Obunga zinafanana zenyewe kwa zenyewe, ila kati ya makundi haya kuna herufi 24. Gawanya kwa matawi mawili, ni 12 kila upande: babu yao wa pamoja aliishi kama miaka minne iliyopita. Hiyo ni milipuko miwili iliyokutana mji mmoja.

Upande wa pili uwe mwangalifu zaidi. Tofauti ya sifuri haithibitishi kwamba NYL07 alimwambukiza NYL08. Katika majuma matatu bakteria hapati muda wa kubadilika, hivyo hata wasiowahi kukutana watafanana. Na ukimpata bakteria yuleyule kisimani, mti hauonyeshi kama kisima ndicho kilichomwambukiza mgonjwa au choo cha mgonjwa ndicho kilichochafua kisima. Hapo rudi kwenye daftari, uangalie tarehe za kuanza kuharisha.

Hatua ya 7: ripoti

Ukurasa mmoja. Unaweza kuandika, "Wagonjwa wa Obunga na wa Nyalenda hawana chanzo kimoja cha hivi karibuni." Usiandike, "Kisima cha fulani ndicho kilicholeta ugonjwa." Mwenye kisima akitajwa hivyo mtaani hukimbiwa na majirani, na huenda yeye ndiye aliyewapa maji bure mfereji ulipokauka. Unapoweka jenomu kwenye hazina ya wazi ya kimataifa, taja Kisumu, mwezi na mwaka, usishuke chini ya hapo.

Nakala ya kwanza mpelekee afisa wa kaunti, ya pili mhudumu wa jamii aliyeuliza maswali matatu. Yeye ndiye atakayerudi kisimani na klorini, kwa hiyo mkabidhi pia mirija ya kuchukulia maji siku ya tatu baada ya dawa, ikiwa imeshaandikwa namba ubavuni na kwenye kifuniko.