Giaboksi otomatiki ya gari la zamani la Kimarekani: utajuaje kama ni ile ile ya kiwandani

Hapa Malindi ukienda kuangalia gari la zamani la Kimarekani, Mustang ya Ford sijui Camaro ya Chevrolet, limelala gereji ya jumba fulani kule Casuarina tangu mwenyewe arudi kwao, neno la kwanza utakaloambiwa ni "kila kitu orijino". Haya, wewe itisha jeki na stendi uingie chini, manake injini kila mtu anafungua boneti anaiangalia lakini giaboksi hakuna anayeinamia, na hio ndio hubadilishwa kimya kimya.

Kabla hujaingia, jambo moja. Vitabu vya Marekani vinasema upande wa dereva na upande wa abiria, sasa dereva wao yuko kushoto na wetu kulia, mimi nshapoteza asubuhi nzima nasugua upande usio na kitu. Fuata kushoto na kulia tu, ukiwa umeelekea mbele ya gari.

Anza na sampu, lile bakuli la mafuta lililofungwa chini ya giaboksi. Hesabu bolti zake na utazame umbo. Kwa Chevrolet, giaboksi iitwayo Powerglide ina bolti 14 na ni ya gia mbili tu, TH350 ina 13 na sampu yake ni mraba uliokatwa kona moja, TH400 nayo 13 lakini sampu yake ndefu, imepinda pinda haina umbo la maana. Hizo mbili zikikuchanganya tafuta kebo inayotoka kabureta, TH350 inayo, TH400 inatumia waya wa umeme. Ukikuta 16 na sampu ya mstatili huenda ni 700R4, hio imetoka 1982, kwa hio kwenye gari la 1969 hakuna cha kujadili. Ford ni rahisi, C4 bolti 11, C6 bolti 17. Za Chrysler, 904 na 727 zote zina 14 kwa hio kuhesabu hakusaidii, hapo soma namba zilizogongwa kushoto juu ya ukingo wa sampu.

Halafu linganisha na mwaka. TH350 ilianza modeli za 1969, basi Camaro ya 1968 yenye TH350 ishabadilishwa, hata muuzaji aape. C6 ilianza 1966 na Mustang ikaipata 1967. Na Mustang za 1967 mpaka 1970 zina kibati mlangoni, herufi ya giaboksi ikiwa W ni C4, ikiwa U ni C6.

Lakini mpaka hapo umejua aina tu, hujajua kama ni yenyewe, na hapa ndipo wengi wanapouziwa. Namba iliyoinuka juu ya alumini imetoka na kalibu, maboksi chungu nzima yanayo hio hio. Unayoitaka ni iliyogongwa ikazama ndani, yenye kipande cha namba ya chesisi, modeli za 1968 kuendelea lazima iwepo. Kwa GM, kampuni mama ya Chevrolet, mara nyingi iko kushoto juu kidogo ya sampu. Mfano ukisoma 19N halafu tarakimu sita, 1 ni Chevrolet, 9 ni 1969, N ni kiwanda cha Norwood, na hizo sita za mwisho zifanane na sita za mwisho za namba ya chesisi kwenye dashibodi, moja ikikataa si yake. Ford ina pia kibati kidogo chini ya bolti ya kifuniko cha servo, ile pistoni inayokaza mkanda ndani ya giaboksi, kizuri kukiona ila usikitegemee peke yake, kinafunguliwa na spana na kufungwa kwingine dakika moja.

Sasa chumvi yetu hii. Alumini ikikaa karibu na bahari inatoa unga mweupe na namba inazama humo, fundi akiona hivyo anachukua waya brashi au, Mungu atustiri, grainda. Usimruhusu. Paka dizeli, acha usiku mzima, asubuhi sugua na mswaki mkuukuu, pangusa ikauke, kisha weka karatasi nyembamba juu upitishe penseli imelazwa ubavu, tarakimu zinajitokeza zenyewe hata kama kwa jicho huoni kitu. Piga picha karatasi hio pamoja na namba ya dashibodi. Na ukikuta pale mahali pa namba pamelainika panang'aa ilhali boksi lote limechakaa, huo sio unga wa chumvi, hapo kuna mtu alipita na msasa, lipa bei ya gari la kuendesha tu, si ya gari orijino, au rudi zako nyumbani.